Sufuria Yangu Iliyotoka Kwenye Injini ya Lori

Enzi zetu, wenzangu, mtoto wa kike hanunuliwi mdoli. Gunzi la mahindi ndilo mtoto, unalifunga mgongoni unalibembeleza mpaka jioni, na kizibo cha soda ndiyo sufuria. Lakini mimi niliwapita wote pale kijijini, maana sufuria yangu ilikuwa ya shaba, ina springi, na ilitoka kwenye injini ya lori.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la pamba, la tajiri mmoja wa Kahama. Kiangazi lori lile lilichemka kila mlima, maji yanaruka kama uji uliosahauliwa jikoni. Madereva wenzake wakamwambia vile walivyokuwa wanaambiana wote: ng'oa themostati, hii si nchi ya barafu. Akaing'oa. Kabla ya kunipa niichezee akaidumbukiza kwenye maji ya moto, tukaona inafunguka katikati, polepole. Ilipopoa ikajifunga.

"Huu ni mlango," akasema. "Injini ikiwa baridi unafungwa, maji yabaki ndani yapate moto. Yakishapata, unafunguka, yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Ila sisi huku joto tunalo la kugawa."

Nikaupikia mlango ule ugali wa mchanga miezi na miezi. Nikimaliza naufunga kwenye pindo la kanga.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake ile ya kupasua midomo. Alfajiri moja mama akashikwa na uchungu. Uzazi wa nyuma mtoto alikufa na damu ikamtoka mama nusura tumzike, hivyo wauguzi wakamwonya asijaribu tena kuzalia nyumbani. Bahati lori lilikuwa limelala kwetu. Baba akampakia kwenda hospitali ya misheni, Ushirombo, na mimi nikawekwa katikati nimshike mkono.

Lori likakohoa. Likaenda kidogo, likazima. Baba akaliwasha, likaenda tena linajivuta kama ng'ombe mgonjwa, moshi mweusi nyuma. Mshale wa joto umelala chini kabisa. Kwenye kimlima cha kwanza likazima tena.

"Halipati moto hili," baba akasema, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Maji yanakimbilia kwenye rejeta, yanapigwa na upepo, yanarudi baridi."

Mama akaniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi mkono mwingine ukanienda kwenye pindo la kanga. Mlango wa lori ninao mimi. Mama atakufa kwa sababu ya mchezo wangu wa kupika. Nikafungua fundo nalia.

"Baba, mlango wako huu hapa. Nilikuwa napikia tu."

Akanitazama. "Mwanangu, ni mimi niliyeung'oa. Na hapa siwezi kuurudisha, mpaka nimwage maji, nifungue mabolti."

Mama akangoja uchungu upite, akamwita baba kwa jina langu. "Baba Milembe, mlango umeutoa mwenyewe. Basi ziba dirisha."

"Dirisha lipi?"

"Si hiyo rejeta inayopigwa upepo? Magunia yamejaa huko nyuma, unayatazama tu."

Baba akashuka mbio. Akafunga gunia mbele ya rejeta kwa kamba ya katani, akaacha upenyo kidogo chini. Akarudi, akaliwasha lori, akaniambia, "Wewe angalia mshale. Ukifika katikati sema. Ukipita, piga kelele."

"Kelele niachieni mimi," mama akasema.

Sijawahi kutazama kitu vile. Mshale ukasimama palepale. Mama anaguna. Halafu ukajitingisha, ukapanda kidogo, na lori likaacha kukohoa. Kila kimlima nilishika pumzi. Ulipofika katikati nikasema kwa sauti ndogo, naogopa kuushtua. Baba akashuka akakunja gunia nusu, tukaendelea.

Hospitali walimpokea mama mlangoni. Sisi tukakaa kwenye lori, jua likapanda. Sista alipotoka kusema ni mvulana na wote wazima, baba akafungua gunia lile akajifunika nalo uso.

Yule mtoto ana jina zuri la ubatizo, lakini kijijini kwetu anaitwa Magunia mpaka leo, na ana wajukuu.

Wiki ileile baba akarudisha mlango mahali pake. Nikarudi kwenye vizibo vya soda.

Siku hizi wajukuu wangu gari likiwasha kitaa cha onyo, wanakaa ndani wanapiga simu. Ukimwuliza mmoja wao gari linaumwa nini, anakwambia, "Bibi, fundi anakuja." Hata boneti hajui inafunguliwa wapi. Sawa, magari yao hayakohoi. Lakini asubuhi za baridi, nikisikia barabarani lori la watu linawaka linazima, linawaka linazima, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye pindo la kanga.