Dhahabu Katika Taya la Mdogo Wangu

Baba mdogo aliposikia kwamba madaktari watamtia mdogo wangu dhahabu mwilini, aliweka kikombe cha togwa chini.

"Unataka kutuletea wezi wa makaburi? Mimi nimefanya kazi mgodini Ngaka. Kitu cha thamani kikiingia ardhini, watu huchimba."

"Nani amesema anazikwa, baba mdogo?"

Kwetu Litembo mgonjwa ni wa ukoo; wazee wakikaa ndipo huamuliwa apelekwe wapi. Lakini wazazi wetu walipofariki nikaacha darasa la sita, nikalima mashimo ya ngolo mteremkoni ili wadogo zangu wale, hakuna aliyeitisha kikao.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba, na saratani ya taya. Anaimba kwaya kigangoni. Daktari wa hospitali kubwa alinieleza bila haraka: wangeweza kuondoa taya lote la upande wenye ugonjwa, au kumwingiza kwenye utafiti. Chembe za dhahabu, ndogo kuliko vumbi, zingepitishwa kwenye damu zikang'ang'anie saratani. Wakati wa upasuaji wangemulika mwanga maalumu, na mwanga unaorudi ungewaonyesha ugonjwa unapoishia, wakate hapo. Kupona hakuniahidi. Nilipouliza dhahabu ni kiasi gani, akacheka: "Haitoshi hereni ya sisimizi."

Niliwaambia wazee hivyohivyo.

"Mwanga utaijuaje saratani?" shangazi akauliza.

"Wewe kahawa mbivu unaijuaje, shangazi?"

"Kwa rangi."

"Na wao vilevile, ila wanatazama kwa mashine."

"Hata shule hukumaliza," baba mdogo akasema.

"Kweli. Lakini mlezi wake ni mimi, na sahihi ni yangu." Nikamgeukia mdogo wangu. "Unataka?"

"Nataka kuimba," akasema.

Nikasimama kabla kikao hakijafungwa, jambo ambalo kwetu halifanywi, nikabeba begi lake. Bodaboda alikuwa anangoja njiani. Nyuma yetu nilisikia wananiita mkaidi. Sikugeuka.

Alirudi na kovu, na sehemu kubwa ya taya lake. Bado tunakwenda kupimwa, na kila safari naogopa. Maneno mengine hayatoki vizuri, lakini Jumapili anasimama na wenzake.

Baba mdogo alipokuja kumwona, alimwinamia akamchungulia mdomoni.

"Ile dhahabu imebaki?"

"Ipo, baba mdogo," akajibu. "Lete jembe."