Gonga Mara Moja, Ungoje

Mdogo wangu tulimwita Kimya, kwa sababu angeweza kushinda nawe nyumba moja usijue kama yumo. Alipopata nafasi chuo kikuu ya kusomea utengenezaji wa gemu za kompyuta, mama aliuliza, "Yaani miaka minne unafundishwa kucheza?"

Kimya akacheka. "Wanaocheza ni wengine, mama. Mimi nafundishwa kuwasumbua."

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nilisoma hadi kidato cha nne, na mambo yake niliyaelewa kidogo tu. Alikuwa akija kukaa karibu na cherehani yangu, laptopu mapajani, anaandika mistari ambayo kwangu ilikuwa kama sala ya lugha nisiyoijua. Mara nyingine alinirekodi: mkasi ukikata, kanyagio likilia, hata nikikohoa.

"Dada, tembea tena, lakini uvae ndala."

Natembea.

"Sasa tembea kama umekasirika."

"Nitakukasirikia kweli wewe."

"Hiyo hiyo! Usiiache."

Nyumbani kwetu kuna sheria aliyoiacha baba. Wakati wa sala ya jioni mlango hufungwa, na aliyechelewa hugonga mara moja tu, kisha husimama nje akingoja Amina. Kugonga mara ya pili ni kumkatiza mtu anayesema na Mungu. Tulikua hivyo, wala hatukuona ajabu. Tangu baba afariki, anayeongoza sala ni mimi, na sifichi, sala zangu zilikuwa ndefu. Kimya alikuwa akisema, "Dada akianza kuwaombea wagonjwa, mimi huko nje naweza kufua shati na likakauka."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu awasilishe kazi yake ya mwisho. Jioni hiyo alitoka chuoni amechelewa, akagonga mara moja. Nilimsikia. Nilikuwa kwenye wagonjwa. Nikaendelea na wasafiri, kisha wafiwa, kisha watoto wenye mitihani. Tuliposema Amina nikaenda kufungua. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mkononi ameshika dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta, imekwisha. Hakuwa amegonga tena.

Daktari alisema hata ningefungua mapema, pengine isingesaidia. Alisema kwa upole, Mungu ambariki. Lakini hilo "pengine" nilirudi nalo nyumbani, na halijaondoka.

Baada ya mazishi, kila nilipopiga magoti nilisikia mlango ukigongwa. Mara moja, basi. Nafungua, hakuna mtu. Mama hakuwa akisikia kitu. Nikaacha kuongoza sala, nikamwambia mama koo linaniuma. Liliuma miezi miwili.

Ndipo alipokuja kijana aliyesoma na Kimya, anaitwa Miwani. Alikuja mchana, begi amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Chuo, mama."

Akatueleza alichokifuata. Walimu walikubali kuisahihisha kazi ya Kimya, na ikifaulu jina lake lisomwe kwenye mahafali pamoja na wenzake. Sharti lilikuwa moja: gemu ichezeke hadi mwisho. Na hakuna aliyefika mwisho. Muda waliomwongezea ulikuwa unaisha kesho yake.

"Tumekwama mlangoni, dada. Darasa zima tumegonga, haufunguki. Mwalimu anasema ni hitilafu. Nami nikigusa kitu humo ndani, haitakuwa tena kazi yake."

Nikasogeza vitambaa, akaiweka laptopu juu ya meza yangu ya kukatia. Mtoto alikuwa akitembea njia yenye giza kurudi kwao. Nikasikia hatua zake. Zilikuwa ndala zangu. Akafika penye nyumba, na mlango ulikuwa wetu, hata ule ufa wa ubao wa tatu. Miwani akabonyeza, mlango ukagongwa. Ndani sauti ya mwanamke ikaanza kusema polepole. Akabonyeza tena, sauti ikakatika, ikaanza upya. Akabonyeza tena na tena.

"Mnaona? Kila nikigonga inarudi mwanzo."

"Hiyo ni sauti ya nani?" mama akauliza, na alikuwa anajua.

Kimya alinirekodi akiwa nje, mimi nikisali.

"Toa mkono, mdogo wangu," nikamwambia Miwani.

"Dada, kwani unajua gemu?"

"Najua mlango."

Nikabonyeza mara moja, nikaweka mikono mapajani. Yule mwanamke akaanza na wagonjwa. Aliwataja mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu ambaye hana anayemngoja. Nami nilikuwa nje, mahali pale pale aliposimama Kimya, naangalia ubao wa mlango. Akaingia kwenye wasafiri. Kidole changu kikanyanyuka chenyewe. Nilitaka kuupiga ule mlango kwa ngumi, nimwambie yule mwanamke anyamaze, afungue, kuna mtu huku. Mama akanishika mkono.

"Ngoja," akasema. "Anakaribia kumaliza."

Wafiwa. Watoto wenye mitihani. Kisha sauti ikasema, "Na mdogo wangu, Bwana, popote alipo njiani, mfikishe." Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa nikimalizia hivyo kila jioni. Yeye alikuwa akisikia kila jioni.

Ikaja Amina. Ndani tulisikika mimi na mama. Na Amina ya tatu ikatoka upande wetu wa mlango, karibu sana, hata Miwani akageuka kuangalia nani ameingia. Ilikuwa sauti ya Kimya, ya chini, ya mtu aliyezoea kuitikia akiwa nje.

Mlango ukafunguka. Ndani palikuwa na taa, meza na viti vitatu. Gemu ikaishia hapo.

Mama alifunika uso kwa khanga. Miwani alivua miwani yake, akaifuta muda mrefu, kisha akaandika kwenye karatasi ya walimu: Gonga mara moja, ungoje. Kazi ikafaulu. Jina likasomwa mahafalini, na mama ndiye aliyepanda kupokea cheti.

Nilidhani baada ya hapo kugonga kutakoma. Hakujakoma. Lakini nimerudi kuongoza sala, na sasa tunasali mlango ukiwa wazi, ingawa kuku wa jirani hupenda kuingia tukifika kwa wasafiri. Kule kugonga kwa mara moja kukisikika, sisimami tena. Nasema, "Ingia," naendelea. Tukifika mwisho, mama husema Amina yake, nami yangu, kisha tunanyamaza kidogo kabla ya kuinuka.