Picha za Mama Leida

Asubuhi ile mjini Bunia nilikuwa napiga randa mbao za fremu, na Mama Leida alikuwa akimchora jirani yetu, Mama Zawadi, aliyekaa akichambua maharage. Mama Leida alikuwa mchoraji kutoka Estonia. Mwenyewe alisema hata kwao hawamjui sana. Mimi nilikuwa fundi seremala wake.

Hakushika mtindo mmoja. Leo angechora uso wa kinyozi pamoja na kila mkunjo wake. Kesho vilima vyetu vikageuka mapande ya zambarau na njano. Siku nyingine mbuzi wa wino, mstari mmoja tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kila kitu kina namna yake ya kutazamwa.

Mama Zawadi alikuwa akimtania kwamba amempa pua kubwa, tukasikia risasi upande wa uwanja wa ndege.

Hakuna aliyesogea.

Kisha watu wakaanza kupita getini mbio.

Mama Leida akaanza kuteremsha picha ukutani. Nikamshika mkono.

"Twende, Mama."

"Na hizi?"

"Ziache."

Tulitokea mlango wa nyuma. Mama Zawadi alikimbilia kwake kuwatafuta wanawe. Sikumwona tena.

Njiani gari la misaada lilimchukua Mama Leida. Mimi nilivuka kwenda Uganda kwa miguu. Baadaye nikapata habari kwamba nyumba ile ilichomwa moto, na picha zote zikiwa ndani.

Sasa mimi ni fundi katika hoteli moja huku Uarabuni, mtaa wa Al Rigga. Majuzi meneja alinituma nitundike picha za maonyesho ukumbini. Nilipofungua ya kwanza niliutambua mkono wa Mama Leida, nikakaa chini sakafuni. Bandari yenye ukungu. Farasi wa wino. Bibi mwenye kilemba. Miraba myekundu mitupu.

Wanjiru, mlinzi wa zamu, alisimama akazitazama. "Hizi zote ni za msee mmoja?"

"Ni za mtu mmoja," nilisema. "Namjua."

Binti wa Mama Leida alikuwepo, mwanamke wa makamo. Aliniambia mama yake alishafariki, na kwamba familia haina hata picha moja ya miaka ile ya Bunia. Akaniomba nimsimulie. Tukakaa, nikamweleza moja baada ya nyingine: rangi ya vilima, kiti cha kinyozi, wanawake wa sokoni wakicheka. Kila mara aliniuliza yule aliyechorwa yuko wapi siku hizi. Wengine nilijua walikufa. Wengine sijui mpaka leo.

Mwishoni akaniambia nichague picha moja, iwe yangu.

Nilizunguka ukumbi mzima. Nikachagua ya shamba la theluji, ndogo, nyeupe karibu yote. Aliniuliza kwa nini hiyo, wakati kuna nzuri zaidi.

"Haina mtu," nilimjibu. "Nitaweza kuitazama kila siku."