Mshale wa joto ulishuka, nikafurahi bure

Jamani, leo nusura nimpoteze mke wangu.

Mimi na yeye tumetoka Kamachumu na lori letu, Fuso la ndizi, tunakwenda Bukoba. Jana fundi alibadilisha rejeta, ile inayopoza injini, na mipira yake ya maji. Lakini leo mshale wa joto unapanda, unashuka, unapanda tena.

Kwenye mlima ukagusa nyekundu. Mara ukaanguka mpaka chini kabisa.

Nikashangilia! "Mama Asimwe, imepoa!"

Mke wangu akanusa. "Mbona nasikia harufu ya kuungua?"

Nikasimama, nikazima, nikashuka kumpigia fundi. Huku naongea, mke wangu kachukua dumu la maji, kashika mfuniko wa rejeta.

Fundi akapiga kelele kwenye simu: "Mshale ukishuka ghafla hivyo, maji yamekwisha, kipimo hakiguswi na maji tena! Ndani umebaki mvuke, msifungue!"

Nikamvuta gauni, tukaanguka wote majanini. Mfuniko alishaulegeza, ukaruka. Mvuke ukapita pale pale uso wake ulipokuwa.

Nikamgeuza, nikamkagua uso.

Akaniambia: "Baba Asimwe, nipo. Sijaungua."

Kumbe mpira mmoja haukukazwa, maji yamevuja njia nzima. Fundi yuko njiani anakuja.

Nimemshika mkono mke wangu, simwachii. Madereva wenzangu, nipeni moyo. Safari iliyobaki naiendeshaje?