Mwalimu Paki na Mvuke wa Daktari

Shule ile ya udereva ilikuwa na magari mawili, na lile jeupe, ambalo mlango wake wa nyuma haufunguki, lilikuwa la Mwalimu Paki. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, na walimpa kwa heshima. Mji mzima haukuwa na mtu anayefundisha kupaki kama yeye. Wanafunzi wake waliingiza gari kwenye upenyo ambao hata mwendesha baiskeli angeuogopa. Siku ya mtihani askari wa barabarani aliwatazama wakipaki, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akawaambia waendeshe barabarani, akatikisa kichwa tena, safari hii kwa sababu nyingine. Kwenda moja kwa moja kuliwashinda. Gia ya nne waliijua kwa kusimuliwa tu.

Kisa chake Mwalimu alikificha kama mtu anavyoficha kipara. Alikuwa amevuka miaka sitini, na mkojo ulikuwa umemfanya mtumwa. Wakishatoka na mwanafunzi, kabla hawajaufikia mzunguko wa kwanza, anaanza kubana magoti.

"Haya, zoezi la kupaki. Hapo kwenye kituo cha mafuta."

Wanapaki. Anashuka, anapotea huko ndani, anasimama mbele ya ukuta akiubembeleza mwili wake kama mbuzi aliyegoma njiani. Yanatoka matone. Anarudi, wanaondoka, na mbele kidogo tu: "Haya, tupaki tena. Hapo benki."

Mwanafunzi wake mbovu kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makamo, daktari wa hospitali ya pale mjini. Mwalimu alijua ni daktari. Wa nini, hakuuliza. Alichojua ni kwamba mama huyo alikuwa ameligonga geti la shule mara mbili, mara akitoka na mara akiingia, na kwamba akishika usukani mikono inamtetemeka kama anayepokea hukumu. Neno "rivasi" lilimtoa jasho.

Siku moja, wakiwa wamepaki kwa mara ya nne, nyuma ya duka la mbao, Daktari hakuzima gari.

"Mwalimu, samahani nikuulize. Leo tunajifunza kuendesha au tunakagua vyoo?"

"Ni chai, Daktari. Asubuhi nilikunywa chai nyingi."

"Na juzi?"

"Juzi pia."

"Ukikojoa, mkojo unatoka kwa nguvu au unadondoka?"

Mwalimu alitazama mbao kama mtu anayetaka kuzinunua zote.

"Mimi kazi yangu ndiyo hiyo," Daktari akasema taratibu. "Njia ya mkojo. Wanaume wa umri wako ndio wateja wangu. Njoo hospitali, Mwalimu. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, Daktari. Weka gia ya kwanza, twende."

Jioni alimweleza mke wake, akitumaini atahurumiwa.

"Fikiria, mama watoto. Mtu ameligonga geti lililosimama, la bluu, kubwa kama nyumba. Huyo ndiye nimpe mwili wangu?"

Mke wake alikuwa anakunja nguo. Hakuinua hata macho. "Baba watoto, yeye kinachomshinda ni kurudi nyuma. Huko kwako anaingia kwa mbele. Kesho tunaenda."

Wakaenda. Alipimwa mkojo, akapimwa damu, akapigwa picha ya tumbo, wakahakikisha si saratani. Tezi dume ilikuwa imekua, inaubana mrija wa mkojo kama goti linavyobana mpira wa kumwagilia bustani. Akaanzishiwa vidonge, lakini vikampa kizunguzungu, na mwalimu wa udereva mwenye kizunguzungu ni hatari kwa taifa. Ndipo Daktari akamwita yeye na mkewe, akawaeleza habari za mvuke.

"Hatutumii kisu. Tunaingiza kifaa chembamba, kinafika kwenye tezi, tunaichoma kwa mvuke wa maji. Nyama iliyozidi inasinyaa yenyewe polepole. Siku hiyohiyo unalala kwako."

"Kifaa kinaingilia wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kwenye njia ya mkojo."

"Mkojo si unatoka? Sasa hicho kinaingia? Si ndiyo kwenda kinyume na barabara?"

"Tutahakikisha hakuna gari linalokuja," akasema Daktari, na mke wa Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Siku yenyewe alilazwa chali kwenye chumba cheupe, ameinuliwa miguu, shuka la kijani likimkata kiunoni. Muuguzi, mwanamume mnene mpole, alimdunga dawa ya kumlegeza. Mwalimu hakulala, alielea. Alipofumbua macho akamwona Daktari amekaa katikati ya miguu yake, kavaa kofia na barakoa, ameshika kitu mkononi, mbele yake skrini iliyoonyesha njia. Mwalimu akili zikamruka. Miaka mingi ya kazi ikamtawala.

"Mkanda umefunga?"

Muuguzi akamtazama Daktari. Daktari, kwa mazoea tu, akajibu, "Nimefunga, Mwalimu."

"Vioo?"

"Nimeangalia."

"Basi ondoka polepole. Usiikanyage. Polepole, nimesema!"

"Ndiyo, Mwalimu."

Kifaa kikaingia. Palikuwa na ubaridi, kisha hali ya kutaka kukojoa bahari nzima. "Kona hiyo! Punguza!" akapiga kelele. "Nimeiona," akasema Daktari. Mikono yake, ile iliyokuwa ikitetemeka kwenye usukani, ilikuwa imetulia kabisa. Mvuke ukalia, "tssss," joto likampanda, akauma meno. "Hilo ni rejeta!" akasema. "Zima gari, rejeta imechemka!" Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimcheza. Tssss nyingine, na nyingine, na kabla Mwalimu hajamaliza somo la taa za barabarani, kazi ilikuwa imekwisha.

"Umefaulu," Mwalimu akamwambia Daktari, machozi yakimlenga. "Mama, umefaulu."

Daktari baadaye alidai maneno hayo yahesabike. Shule ilikataa.

Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo, na mfuko umefungwa pajani chini ya suruali pana. Aliambiwa apumzike. Alipumzika mpaka alipogundua kwamba mtu mwenye mfuko hahitaji choo. Akarudi kazini kwa siri, akamchukua muuza viatu mmoja aliyekuwa akijifunza, na wakaenda. Wakapita kituo cha mafuta. Wakapita benki. Nyumba zikaisha, mashamba yakaanza.

"Mwalimu," muuza viatu akasema, "leo hatupaki?"

"Weka gia ya nne."

"Iko wapi?"

Walisimama pale tu mafuta yalipokaribia kuisha. Mwalimu alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka jela. Muuza viatu alishuka akakaa kwenye majani.

Furaha hiyo haikudumu. Mpira ulipotolewa, mkojo uliunguza kama pilipili na safari za chooni zikaongezeka. "Wamenichemsha bure," akamlalamikia mkewe. Mkewe akamkumbusha kwamba Daktari alisema tezi huvimba kwanza, asubiri wiki kadhaa. Alisubiri kwa kununa. Kisha asubuhi moja mkewe akasikia maji yakimwagika bafuni.

"Unaoga saa hizi?" akauliza mlangoni.

"Siogi!" Mwalimu akajibu, sauti ikipasuka kwa fahari. "Siogi, mama watoto! Sikiliza!"

Akasikiliza. Kisha akajibanza ukutani, mkono mdomoni.

Habari zikaenea, na Mwalimu akaanza kupata wanafunzi wa ajabu: wazee wenye leseni zao tangu ujana, wakitaka "kujikumbusha kidogo." Kwenye gari, milango ikishafungwa, hakuna wa kusikia. Mmoja alikuwa dereva wa malori mstaafu, mtu aliyeteremka milima kwa mizigo ya saruji. Aliketi kwenye usukani, akatazama chini.

"Mwalimu, hiki cha kushoto ndicho nini?"

"Klachi, mzee wangu."

"Ahaa."

Akaendesha gari kama anapitisha kitambaa cha hariri. Walipoikaribia njia panda kubwa akakohoa. "Nina rafiki yangu mmoja..."

"Huyo rafiki yako mkojo unamkatika katikati?"

Mzee akapunguza mwendo. "Wanasema kuna mvuke. Unapitia wapi?"

Mwalimu akamweleza, bila kuficha kitu. Gari likazima palepale, katikati ya njia panda. Honi zikalia nyuma, mbele, pembeni.

"Waache wapige," akasema mzee, akifuta jasho. "Hebu rudia hapo, polepole."