Tupa Niliyoibeba Hadi Laurel

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya barua moja, na kwa sababu ya ugonjwa wangu wa zamani wa kutotulia. Nimefanya ufundi wa magari Mbeya, Ndola, Bukoba na Mombasa, na kote huko niliondoka kabla watu hawajanizoea. Mke wangu husema kiti changu hakijawahi kupata joto. Barua hiyo ilitoka kwa Anselm Mkude, rafiki yangu tangu tulipomaliza kidato cha nne na kuingia pamoja katika gereji ya shamba la katani kule Kimamba.

“Nimempata dada yake,” aliandika.

Sikuhitaji maelezo. Tulipokuwa vijana, Mmarekani mmoja aliyekuwa akitafuta madini aliliacha gari lake nyuma ya gereji yetu, akaenda zake na hakurudi. Lilikuwa gari refu la milango miwili, injini ya silinda nane, usukani upande wa kushoto. Mimi na Anselm tulilifufua kwa vipuri vya trekta na kwa ubishi. Kwa miezi mitano tuliliendesha kila Jumapili kwenye njia ya Kilosa, na watu walisikia mlio wake kabla hawajaona vumbi lake. Kisha giya zikasagika, likarudi nyuma ya gereji. Sijawahi tena kuwa kijana kama nilivyokuwa miezi ile.

Baadaye Anselm alipata kazi ya udereva kwa familia ya mwanadiplomasia, akaenda nayo Washington. Familia ikaondoka, yeye akabaki. Sasa alikuwa fundi wa majengo ya kupanga huko Adelphi, jimbo la Maryland: mabomba, vitasa, vyoo vilivyoziba. Na kwa miaka tisa alikuwa akikusanya kipande kwa kipande gari moja la mwaka 1969, la aina ambayo Wamarekani huiita magari ya misuli kwa nguvu za injini zake. Ilibaki injini. Aliandika kwamba huko wabadilisha vipuri ni wengi, ila fundi hakuna. Nije tuifunge pamoja. Tiketi alikuwa amekwisha kuilipia.

Dar es Salaam, mwishoni mwa Agosti 1997, ofisa wa forodha alifungua begi langu na kukuta tupa bapa, rula ya chuma na ovaroli iliyopigwa pasi. Aliuliza kama kule ninakokwenda hawana tupa. Nikamwambia wanazo, lakini hii inaujua mkono wangu. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Siku ya pili alasiri nilitua katika uwanja wa ndege ulioko upande wa Virginia. Anselm alikuwa na mvi, kitambi na rundo la funguo kiunoni. Tulikumbatiana mpaka watu wakatuzunguka kupita. Nilitazamia mlio wa silinda nane. Nikapanda kigari cha Kijapani chenye harufu ya dawa ya kuzibulia mabomba. Njia nzima aliongea juu ya kitambaa cha viti, alivyokitafuta miaka miwili mpaka akapata chenye mshono uleule wa kiwandani.

Adelphi nilipokelewa na mkewe, Wanjiru, Mkenya wa Nyeri anayehudumia wazee majumbani kwao. Aliniwekea chai na chapati, akanitazama kwa huruma.

“Shem, umekuja kumwona mke mwenza wangu?” akasema. “Yeye amejengewa nyumba Laurel. Mimi hapa niko kwa orofa ya tatu na lifti imekufa.”

“Na fundi wa lifti ni nani?” nikauliza.

“Si ndiye huyo umemletea tupa.”

Anselm alicheka, lakini si sana.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Laurel, kaskazini kidogo, karibu na njia ya reli inayokwenda Baltimore. Nyuma ya nyumba ya mjane mmoja Anselm alikuwa amekodi banda la matofali. Alivua viatu mlangoni. Mimi pia nikavua, nikidhani ni desturi ya nchi, kumbe ni yake. Alipoondoa shuka nililizunguka gari mara mbili. Rangi ilikuwa ya samawati iliyoiva, boneti ndefu kama meza ya harusi, na chini ya uvungu mtu angeweza kulia wali. Injini ilikuwa pembeni, imevuliwa, imefunikwa blanketi.

Hapo ndipo aliponieleza shida yake hasa. Kila mwezi wa Oktoba wenye magari ya namna hiyo hukusanyika katika uwanja mmoja wa maegesho huko Annandale, Virginia. Kuna safu moja ya mbele, nayo ni ya magari ya asili tu, yale yaliyobaki na vyombo vyake vyote vya kuzaliwa navyo. Wakaguzi hupita na kuamua. Kwa miaka minne Anselm alikuwa akienda kutazama. Mwaka wa kwanza mtu alimpa funguo za gari akidhani ndiye mwegeshaji. Mwaka wa pili mwingine alimwuliza pipa la taka liko wapi.

“Mwaka huu nataka nisimame nyuma ya kamba, pamoja na wenye magari,” alisema. “Mara moja tu. Waniulize habari za gari, wasiniulize choo.”

Nikamwahidi. Nilipoanza kumwuliza hili na lile juu ya injini, akanikatiza. “Usiniulizeulize. Fanya kama Kimamba. Wewe ndiye fundi.”

Septemba nzima ilikuwa hivi: alfajiri ananishusha Laurel, yeye anakwenda kwenye mabomba yake, jioni ananifuata. Nilifanya kazi kwa heshima. Kila bolti niliyoifungua niliirudisha kwenye tundu lake. Kikopo cha bolti mpya alichoninunulia sikukigusa, kwa sababu nilikwisha kuelewa maana ya asili: kisiingie kitu cha kigeni.

Wiki ya tatu nilifika kwenye uso wa bloku, yaani mwili wa injini, pale kifuniko chake, silinda hedi, kinapokalia. Niliweka rula ya chuma, nikawasha taa nyuma yake, na mwanga ukapenya upande wa mbele. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Uso usiposawazishwa, gasketi inayoziba katikati itaungua, maji yataingia kwenye oili, na fundi atatukanwa hadi kwa bibi yake. Mbele kabisa, upande wa kulia, palikuwa na kijukwaa kidogo, sehemu ya uso huohuo, kilichogongwa herufi na namba. Kingo zake zilikwaruza ukucha.

Nisionekane mjinga: namba ya injini naijua. Kwetu imeandikwa kwenye kadi ya gari, na trafiki huweza kukuamuru ufungue boneti aisome. Kwa hiyo niliweka tupa chini, nikaenda kwenye kabati la Anselm, nikatoa karatasi ya umiliki wa gari. Niliisoma mstari kwa mstari kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Ilikuwa na namba ya bodi tu. Ya injini haikuwamo. Nikaikunja, nikairudisha, nikaridhika kwamba serikali yao haina haja nayo.

Kisha nikapiga tupa uso wote, pamoja na kijukwaa. Baada ya tupa nikabandika msasa juu ya kioo kinene, nikausugua uso ule kwa mafuta ya taa siku tatu, mpaka ukawa kama maji ya mtungi. Rula ilipolala, mwanga haukupita popote. Nilipaka rangi palipotakiwa rangi, nikafunga hedi. Jioni Anselm alipokuja alipitisha kiganja pembeni ya injini, akasema, “Mkono wako haujazeeka.” Nilifurahi kama mtoto.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba injini iliwaka. Nitasema kweli, nililia. Mlio ulikuwa uleule, ule wa njia ya Kilosa, na mjane wa watu alitoka na kikombe mkononi akatabasamu. Nilifungua mlango wa abiria nikaketi. Anselm akazima.

Nikamwambia tulipeleke barabarani, hata mpaka kona tu. Alinitazama kana kwamba nimemwomba mkewe.

“Hili haliendi barabarani,” alisema. “Linakwenda Annandale.”

Jumamosi ya pili ya Oktoba tulikwenda Annandale, na gari lilikwenda limebebwa juu ya trela, limefungwa mikanda. Tuliingia barabara ile pana inayouzunguka mji wa Washington, tukavuka mto Potomac, na muda wote nilikuwa nikitazama nyuma. Nimesafiri nchi nyingi kutafuta magari yanayokwenda. Kuona silinda nane, zilizofungwa kwa mkono wangu mwenyewe, zikibebwa kama mgonjwa kulinitia uchungu. Anselm alikuwa amevaa koti na tai.

Uwanjani tulielekezwa kwenye safu ya mbele. Anselm akasimama nyuma ya kamba. Watu wawili walimwuliza habari za kitambaa cha viti, naye akawajibu kwa utulivu wa profesa. Naweka wazi kwamba nilimwona akiwa hivyo. Ilikuwa kama robo saa.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye tochi na kioo kidogo cha mpini, kama cha daktari wa meno. Alikagua viti, vioo, vibandiko. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, ameridhika. Kisha akainama kwenye injini, upande wa kulia, mbele. Akapangusa kwa kitambaa. Akapangusa tena. Akamwita mwenzake. Waliongea na Anselm kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, nami nikashika maneno mawili tu, hapana na pole. Wakaondoa kadi ya safu ile iliyokuwa kwenye kioo cha mbele. Wakatuonyesha safu ya nyuma, karibu na mapipa.

Tulilisukuma gari wenyewe. Lilipokwisha kusimama, Anselm aliniuliza bila kunitazama.

“Ulipiga tupa uso wa mbele?”

“Nilipiga. Tupa na msasa, siku tatu.”

“Namba hukuiona?”

“Niliiona. Nikatazama kwenye karatasi ya gari, haimo. Nikajua haina kazi.”

“Ndiyo iliyokuwa na kazi, bwana. Hiyo peke yake.”

Akanieleza. Namba ile hulingana na ya bodi, na ndiyo inayoshuhudia kwamba injini na bodi vilitoka kiwandani pamoja. Ikifutika, injini ni chuma kama chuma kingine. Tena kuna wajanja huifuta makusudi ili wagonge ya uongo. Kwa hiyo wale wazee hawakusema Anselm ni mwongo, walisema tu hawawezi kujua.

“Hukuniambia,” nikasema.

“Nilidhani fundi huuliza.”

“Ulinikataza kuuliza.”

Alilegeza tai. Mtu mmoja alikuja kutupa kikombe kwenye pipa, akamwomba Anselm asogee kidogo.

Jioni Adelphi, Wanjiru alisikiliza habari yote akiwa amevaa sare ya kazi. “Kwa hivyo sasa hata mke mwenza hana makaratasi ya kukaa hapa,” akasema. “Aketi, tuko wengi.” Siku nyingine tungeangua kicheko. Anselm aliinuka akaenda kuoga.

Siku zilizofuata sikupelekwa Laurel. Anselm alisema kazi ni nyingi. Jumatano nilimwambia kwamba picha za namba ile anazo, nami naweza kuigonga upya, herufi kwa herufi, na hakuna mzee wa tochi atakayetambua. Nilikuwa nikimpa kilichokuwa kimebaki mkononi mwangu.

“Hapo nitakuwa mwizi kweli,” alisema. “Sasa hivi nadhaniwa tu.”

Niliomba tarehe ya tiketi isogezwe mbele, naye hakunizuia. Siku ya kuondoka alinipeleka kwa kigari cha Kijapani, redio ikisoma habari za foleni. Mlangoni mwa uwanja alifungua buti, akatoa kifurushi cha gazeti.

“Umesahau hii,” akasema.

Ilikuwa tupa. Nilikuwa nimeiacha bandani, nikitumaini atabaki nayo.

Morogoro, Novemba, mvua ilikuwa inanyesha kana kwamba haijawahi kunyesha. Nilikaa nyumbani siku nne, mke wangu akitazama kiti. Ya tano nikaenda Kimamba, kwa lori mpaka barabara ilipokatika, kisha kwa miguu katika tope. Gereji imefungwa, lakini nyuma yake gari la Mmarekani bado lipo, au mifupa yake. Viti vimeliwa na panya, milango imekwenda kuwa vibanda vya kuku. Injini imebaki, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuibeba.

Nilipiga magoti, nikakwangua grisi kwa kisu, upande wa kulia, mbele. Namba ilikuwepo. Herufi zote na tarakimu zote, kingo kali kama zilivyotoka kiwandani. Tulipoifunga injini ile hatukuwa na tupa. Tuliirudisha gasketi yake kuukuu, tukaipaka rangi ya fedha, tukamwomba Mungu, na ikatubeba miezi mitano.

Niliweka karatasi juu ya namba, nikasugua kwa penseli mpaka ikatokea, nikaituma Laurel, kwenye anwani ya banda. Chini yake niliandika kwamba nimejifunza kumwuliza mwenye kitu anapenda nini juu yake kabla sijashika chombo, hata akinikataza. Nimelijifunza hilo nikiwa na miaka arobaini na sita. Huu ni mwezi wa saba sasa tangu niitume, na mtu ninayetaka kumwuliza hajajibu.