Dola Iliyong'aa Kupita Kiasi

Fundi saa wa mtaa wetu, tuliyembandika jina la Bwana Lenzi, haamini kitu mpaka akitazame kwa kile kioo chake cha jichoni. Hata chenji ya maziwa huigeuza pande zote. Nyuma ya karakana ana kabati la dola za zamani za fedha za Marekani, kapanga droo kwa madaraja: juu zile ambazo mikono ya watu haijazisaga, chini zile ambazo bibi aliyechorwa usoni mwake hana tena pua.

Siku aliyokuwa akimngoja mnunuzi, alivuta droo ya juu akagutuka. Dola yake bora, iliyokuwa na rangi ya moshi ukingoni, ilimeremeta kama kijiko kipya. Akaifumbata, akamfuata mkewe jikoni.

"Nimebadilishiwa dola. Na jana hakuingia humu ila kaka yako."

"Aliyekuja kukuzibia bomba bure?"

"Hiyo bure ndiyo inayonitia shaka."

Kaka huyo ndiye ndugu pekee aliyembakia mkewe. Mume hakujali. Akapiga simu palepale. "Shemeji, rudisha kitu cha watu, yaishe." Upande wa pili simu ikakatwa.

"Umeona? Angekuwa safi angejitetea."

Akarudi karakanani kutafuta ushahidi. Mizani ikatoa uzito uleule. Sumaku haikuinasa. Akavaa kioo, na chini ya bawa la tai aliyechorwa upande wa nyuma akakuta mkwaruzo mwembamba kama unywele wa kope, alioujua kuliko kovu la goti lake. Ni ileile.

"Sasa nani kaisugua?"

Mkewe akachungulia mlangoni. "Kumbe ni hiyo? Mimi, kwa dawa ya meno. Mgeni anakuja, nikaona imefubaa."

Bwana Lenzi akaketi. Rangi ile ya moshi hufanywa na miaka, na ikishaondoka haibembelezwi ikarudi. Mwenyewe huwaambia wateja kwamba sarafu iliyosuguliwa haina daraja. Akaishusha kwenye droo ya chini kabisa, akaifunga.

"Mpigie kaka yako," akasema hatimaye.

"Ulipompigia mara ya kwanza, nilikushikia simu?"

Akapiga mwenyewe. Ikaita mpaka akadhani haitapokewa.

"Naam, shemeji," ikasema sauti, taratibu, kama ya mtu anayefungua mlango nusu. "Sasa kimepotea nini tena?"